Benchi la Wanaosubiri

"Haraka haraka ina baraka," alisema meneja wa zahanati, akibandika maneno hayo kwa wino mwekundu juu ya dirisha la usajili. Siku hiyohiyo fundi wa programu alipandisha kikusanyi, kile kinachogeuza maandishi yake kuwa lugha ya mashine, hadi kiwango cha tatu cha kasi, kama alivyoagizwa.

Katika programu ya foleni kulikuwa na mistari minne iliyohesabu hadi milioni moja bila kufanya lolote. Ndiyo iliyokuwa kusubiri kwenyewe. Juu yake fundi alikuwa ameandika: Usiguse. Kikusanyi hakisomi maelezo yaliyoandikiwa watu. Kiliona hesabu hiyo haizai kitu, kikaifuta.

Saa nne asubuhi benchi lilikuwa tupu. Watu kumi na tisa waliokuwa wameketi hapo hawakutoka nje wala hawakuingia kwa daktari. Mbao zilikuwa bado na joto. Muuguzi aliokota kandambili tatu na mkongojo mmoja, akavitia kabatini, akapiga deki. Kwenye kompyuta kila jina lilikuwa na neno moja: Amehudumiwa.

"Foleni sifuri," meneja alisema. "Mambo si hayo?"

"Mama yangu alikuwa wa saba," fundi alisema.

"Basi kahudumiwa."

Kwenye maandishi ya fundi hesabu ilikuwa bado ipo; aliongeza mstari mmoja ndani yake, wa kumwuliza kila mtu: Bado upo? Sasa hesabu ilikuwa na jibu la kutoa, kikusanyi kikaiacha. Benchi likajaa. Mama yake alikuwa palepale, wa saba, sindano za kufumia mkononi, vidole vimepauka.

"Ulikuwa wapi, mama?"

"Nilikuwa nasubiri, mwanangu. Kwani kuna pengine?"

Kabla ya adhuhuri meneja aliufuta ule mstari mwenyewe, maana ulichelewesha foleni. Watu kumi na wanane wakaondoka bila kuinuka. Fundi alikuwa benchini, kamshika mama yake kiwiko, akiuliza kwa mdomo kila alipovuta pumzi.

"Bado upo?"

"Nipo. Usinipotezee hesabu ya mishono."

Daktari hakuwa ameita namba saba. Kwenye kompyuta alikwisha kumwona.

Meneja alikuja na karatasi na kalamu. "Barua ya kuomba radhi. Mistari miwili inatosha. Umetuchelewesha."

Muuguzi alipita nyuma yake na kandambili nyingine.

"Siombi radhi," fundi alisema, bila kumtazama. "Mama, bado upo?"