Daktari Anataka Bonge Apungue

Fundi wa mageti aliitwa Bonge, na jina lilimkaa. Zamani, kabla hajaanza dawa za virusi vya ukimwi, alikuwa mifupa mitupu; dada yake mkubwa ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko hadi akainuka. Kwa hiyo kitambi chake hakukionea haya. Wenzake karakanani walipomtania kwamba tumbo linafika kazini kabla yake, alicheka kuliko wote.

Safari hii kliniki, daktari hakuridhika na majibu ya damu. Bonge akalazwa kitandani, akapakwa kitu cha baridi chenye kuteleza, kifaa kikapitishwa chini ya mbavu. Daktari, binti mwenye sauti ya upole, akamwambia ini lake limejaa mafuta.

"Lakini mimi sinywi pombe, daktari."

"Si lazima uwe mnywaji. Dawa zinafanya kazi yake, virusi vimelala, usiziache. Ila sasa tunataka mwili upungue."

Upungue. Alitoka na neno hilo tu. Mengine, habari za soda, vya kukaanga na kutembea, aliyasikia kama redio ya jirani. Alipokuwa mwembamba watu walimhesabu maiti; amenenepa, anaambiwa mgonjwa. Hakujua ashike lipi aache lipi.

Nyumbani hakusema kitu. Dada alipoleta sahani iliyofurika, alikula vijiko vichache, akaisukuma. Ikawa hivyo kila siku, na suruali zikaanza kumporomoka. Jumapili moja dada akamfuata chumbani, akafunga mlango.

"Mdogo wangu, umeacha dawa?"

Akakana. Dada akataka kuiona chupa, akaiona, na bado macho yake hayakutulia. Ndipo Bonge akajaribu kumweleza, maneno yakamtoka ovyo: ini, mafuta, pombe ambayo hanywi. Dada alisikiliza huku akikunjakunja upindo wa khanga.

"Kwa hiyo ni mimi niliyekujaza mafuta?"

Bonge akasema waende wote, daktari mwenyewe aeleze.

Wakaenda kliniki pamoja. Daktari akamweleza dada kwamba chakula chake kilimwokoa mtu aliyekuwa anakwisha, ila mwili wa leo si ule. Alisema pia kwamba mafuta kwenye ini huwapata hata wasio na virusi, na kwa walio navyo huwa na sababu zaidi ya moja. Dada alirudia swali lilelile mara kadhaa, akajibiwa kila mara. Usiku alipopakua, alipunguza, akamtazama mdogo wake, akaongeza kidogo.

Walianza kutembea jioni, kazi zikiisha. Jirani mmoja akawasimamisha, akauliza mbona Bonge anapukutika, kwani anaumwa? Bonge akajibu kwamba ni agizo la daktari. Jirani akampa pole kwa sauti ya msibani.

Kipimo kilichofuata kilionyesha mafuta yamepungua, na daktari akampongeza. Bonge alifurahi hadi mlangoni. Pale akajiona kwenye kioo cha dirisha, mashavu yamebonyea, na hakuweza kujua kama huyo ni mtu anayepona au yule wa zamani anayerudi. Akamuuliza dada, aliyekuwa amemsindikiza.

Dada alimgeuza uso kwenye mwanga, akamkagua.

"Hata mimi sijui," akasema. "Ila siku hizi tukitembea unaniacha nyuma. Punguza mwendo, nishike mkono."