Kufuli la Vendela Rask

Ufunguo wa gari la Sixten Hultgren ulizama katika ziwa la Vänern mchana kweupe, mwenyewe akiutazama. Alikuwa ameketi juu ya barafu, kamba ya kuvulia ndani ya tundu, akatia mkono mfukoni kutafuta leso apenge kamasi. Leso ikatoka, na ufunguo nao ukatoka. Uligonga ukingo wa tundu, ukateleza, chubwi, ukaenda zake. Ndio pekee aliokuwa nao. Ule wa akiba ulikuwa umekufa zamani, na kila mwaka Sixten alikuwa akisema atautengenezesha mwaka ujao.

Jirani yake, Vendela Rask, ndiye aliyekwenda kumchukua ufukweni. Njia nzima Sixten alinung'unika, ndoo ya samaki watatu miguuni.

"Ufunguo si chuma tu? Fundi akinichongea mwingine, si yameisha?"

"Gari lako halisikilizi chuma," Vendela akasema. "Chini ya kiti kuna kisanduku. Ukitia ufunguo, kinauuliza: wewe nani? Ukikosa jibu, injini haiwaki, hata ulie machozi."

"Basi kiwanda kinipe mwingine."

"Kiwanda gani, Sixten?"

Kiwanda cha magari cha mji wao kilikuwa kimefungwa miaka mingi. Mashine ziliuzwa mnadani, na ile kompyuta kuu iliyokuwa ikiidhinisha funguo mpya ilizimwa siku moja, watu wakaambiwa poleni.

"Hivi ni mjinga gani aliyebuni kitu cha namna hii?"

"Mimi," akasema Vendela.

Sixten akacheka. Kisha akamwona mwenzake hacheki, anaangalia barabara tu, mikono yote miwili kwenye usukani.

"Wewe? Si uliniambia ulikuwa unashughulika na mambo ya umeme?"

"Na hayo ni mambo ya umeme."

Walikuwa majirani miaka mingi, wakigawana theluji ya kuzoa mlangoni na viazi vya bustani, na hilo hakuwahi kulitaja. Si kwa aibu. Zamani vijana walikuwa wakiiba magari ya kiwanda chao kabla birika halijachemka, na wakubwa wakamwita Vendela na wenzake wawili wakawaambia: komesheni. Wakakomesha. Baada ya hapo magari yale hayakuibika tena, na watu wa bima walikuja kumshika mkono. Wale wenzake wawili walikuwa wameshazikwa. Yeye alibaki na fahari yake kimya kimya, pamoja na ahadi aliyoitia sahihi kwamba siri ya kisanduku kile hataitoa kwa mtu yeyote.

"Aliyefunga si ndiye wa kufungua?" Sixten akasema walipofika nyumbani. "Fungua basi."

Vendela alijaribu. Alikichomoa kisanduku, akakiweka juu ya meza ya jikoni na kukifungua kifuniko. Lakini kuijua siri ni jambo moja, na kuwa na vyombo ni jambo lingine. Vyombo vya kazi vilikwenda na mnada. Na vidole vyake havikuwa vile vya zamani. Alipojaribu kushika waya mwembamba kama unywele, ulicheza. Akaanza kuuliza uliza mjini ni nani anayetengeneza vitu hivi siku hizi. Kila aliyemuuliza alimpa jina moja: Ronny Fält, kule kwenye kiwanda cha zamani cha mbao.

"Ronny Fält?" Sixten akashika kiuno. "Yule mwizi wa magari?"

"Alikuwa mwizi. Sasa ni fundi."

"Na chui naye sasa ni mchunga mbuzi."

Hata hivyo Ronny akaitwa, kwa sababu gari halikuwa na njia nyingine. Alikuja na lori lake la kuvutia magari, jitu la makamo lenye ndevu za kusukwa na pete tatu mkono mmoja. Akalipandisha gari la Sixten taratibu, akilifunga mikanda kama mtu anayemfunika mgonjwa blanketi. Halafu wote watatu wakajibana kwenye kiti cha mbele.

"Gari kama hili ndilo lililonipeleka jela," Ronny akasema, bila kuulizwa. Yaonekana ilikuwa hadithi yake ya kuwachekeshea wateja. "Rangi hii hii. Mengine yote nilikuwa nayawasha kwa bisibisi. Hili likaninunia. Nikabembeleza, nikatukana, honi inalia mtaa mzima, na milango imejifunga. Polisi walinikuta humo ndani natokwa jasho. Mmoja akanigongea kioo, akaniuliza kama nahitaji msaada."

Sixten akamgusa Vendela kwa kiwiko. Vendela akajifanya hakuguswa.

"Aliyekufungia huyu hapa," Sixten akasema.

"Sixten wee!"

"Nini? Si kweli?"

Ronny akapunguza mwendo, akalisogeza lori pembeni mwa barabara, akasimama. Akamwinamia Vendela kumtazama vizuri, mwanamke mdogo wa kofia ya sufu aliyebanwa katikati yao na mkoba mapajani.

"Kile kisanduku ni chako, mama?"

"Tulikuwa watatu."

"Miezi minane nilikutukana. Kila asubuhi kabla ya kahawa."

"Natumaini ilikusaidia."

Ronny akapasuka kicheko hadi lori likatikisika. "Ilinisaidia! Nilitoka mle nikiwa na swali moja tu kichwani: ndani ya hiki kidude kuna nini? Hadi leo najibu swali hilo. Ndilo linalonilisha."

Karakana yake ilikuwa na joto na ilinuka lehemu na mbao za zamani. Vendela alipoketi mbele ya meza ya kazi na kuona vyombo vilivyopangwa, roho yake ilitulia kama ya mtu aliyerudi kwao. Ronny akakishika kisanduku cha Sixten kwa vidole vyake vinene, na vidole vile havikutetemeka hata kidogo. Akaunganisha nyaya nne kwenye chipu ya kumbukumbu, namba zikajaa kwenye kioo cha kompyuta.

"Sasa nitamwambia kitu kimoja cha kweli mwenye gari," akasema, akimgeukia Sixten. "Namba ya ufunguo mpya naweza kuiandika humu ndani. Lakini ni bahati nasibu. Katika visanduku hivi, nusu vinapona. Nusu vinazimika mkononi mwangu na haviamki tena. Nimetafuta sababu miaka yote hii sijaipata."

Vendela aliijua sababu. Aliitunga yeye mwenyewe, asubuhi moja ya masika, akala na keki kujipongeza. Kila namba iliyokuwa kwenye kumbukumbu ilikuwa na kivuli chake mahali pengine, na kisanduku kilijumlisha vyote viwili kila kilipoamka. Hesabu ikilingana, kilifungua. Isipolingana, kilijua kimeingiliwa na mwizi, kikajizima, kisiamke hadi zilingane tena. Baadhi ya visanduku havikutengenezewa kivuli. Ndivyo hivyo vilivyokuwa vikipona.

Sixten alikuwa akimtazama. Vendela akauma mdomo. Aliyemwekea ahadi hakuwapo tena, lakini ahadi je, nayo ilikufa? Na mtu wa kuambiwa mwenyewe ndiye huyu, mmoja wa wale ambao kufuli lilitengenezwa kwa ajili yao.

"Nitaandika mwenyewe," akasema mwishowe. "Ninyi nendeni mkanywe kahawa."

"Unanifukuza kwenye karakana yangu?"

"Ndiyo."

Ronny akakuna ndevu. Uso wake ulibadilika kidogo, kama wa mtu aliyezoea kutoaminiwa lakini aliyesahau kwa muda. Kisha akasema, "Haya, mama. Mwenye kufuli ni wewe," akamshika Sixten bega wakatoka.

Haikuwa kazi ndefu. Nyaya zilikuwa zimeshaunganishwa, kwa hiyo vidole vyake havikuhitajika ila kubonyeza. Aliandika namba ya ufunguo mpya, akakitafuta kivuli chake, akakirekebisha, akapiga hesabu kwenye kipande cha karatasi na baadaye akakichana vipande vipande. Walipokirudisha kisanduku chini ya kiti, Sixten aliinama mwenyewe, akauzungusha ufunguo mpya aliochongewa na Ronny. Injini ikakohoa mara moja na kuanza kunguruma.

"Ama kweli!" Sixten akapiga usukani kwa viganja. "Jirani, kuanzia leo viazi vyote ni vyako."

Ronny alikuwa amesimama mlangoni akiisikiliza injini, mikono mfukoni.

Vendela akarudi ndani kuuchukua mkoba wake. Ndipo alipoiona rafu, nyuma ya mlango, imejaa kuanzia sakafuni hadi darini. Visanduku. Kila kimoja kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, kimebandikwa kikaratasi chenye jina la mtu na la mji. Vingine vilitoka ng'ambo ya mpaka.

"Hivi ni nini?"

"Waliokufa mikononi mwangu."

"Mbona hujavitupa?"

Ronny akainua mabega. "Ni magari ya watu. Mtu alinitumia kwa posta, akaniamini. Nilimtafutia kingine kwa wauza chakavu, au nikashindwa kumpatia. Lakini kutupa... mkono hauendi."

Nje Sixten akapiga honi. Vendela alisimama pale na mkoba wake, akiyasoma majina. Wengi wao hawakuwa wameiba kitu maishani mwao. Kufuli lake liliwaona wote ni wezi, likawafungia nje ya magari yao wenyewe, na hapakuwa na mtu wa kuwafungulia ila huyu bwana aliyekuwa akipapasa gizani. Akavua koti lake akalitundika.

"Mwambie Sixten aende. Mimi nitarudi kwa basi. Halafu njoo uketi hapa, uchukue na kalamu. Kuna namba ya pili."

"Namba ya pili ipi?"

"Keti, nimesema."

Ronny akaketi. Alipoelewa, hakuruka wala hakupiga kelele. Alikiweka kichwa chake kikubwa kati ya viganja, kisha akasema polepole, "Bibi wewe. Bibi mbaya wewe," kwa sauti ya heshima tupu.

Walianza na rafu ya chini. Kisanduku cha kwanza kilikuwa kimeliwa na kutu, hakikuwa na la kusaidiwa. Cha pili kiliamka. Ronny akampigia simu mwenye gari papo hapo, mama mmoja wa Karlstad, akaweka sauti ya juu ili Vendela naye asikie.

"Lile gari?" mama akasema. "Oo, bwana. Nilishaliuza kwa chuma chakavu wakati wa kiangazi."

"Pole sana," Ronny akasema. Akakata simu, akakigeuza kisanduku mkononi.

"Kingine," Vendela akasema.

Kile kingine kilikuwa cha mkulima wa Dalsland aitwaye Algot. Vendela ndiye aliyetaja namba, Ronny akaandika, na taa ndogo ya kijani ikawaka. Simu iliita sana. Nyuma ya sauti ya Algot ng'ombe walikuwa wakilia.

"Gari ninalo," Algot akasema. "Lipo ghalani chini ya turubai, kuku wanataga humo. Kwa nini?"

Ronny akamsogezea Vendela simu. "Mweleze wewe," akanong'ona.

Vendela akasafisha koo. "Naitwa Vendela Rask," akasema. "Waondoe kuku."