Muhuri wa Bwana Maxwell

"Picha," ilisema kompyuta kwa Kiingereza chake cha puani.

Mapenzi akabonyeza tena.

"Picha."

Akazidi kushuka chini ya ukurasa, kama mtu apapasaye mtungi kutafuta kata ya mwisho ya maji. "Picha," ikasema mashine, kisha ikanyamaza kabisa.

"Cliff," akaita, "ukurasa huu una picha za nini? Za tembo?"

Cliff alikuwa akisukuma mchanga nje ya mlango kwa fagio. Kijana wa bara huyo, miaka miwili Ukunda, mwenye ofisi ya kompyuta na laini moja ya simu. Ni yeye aliyepewa kazi ya kutengeneza ukurasa wa ofisi ya makazi. "Zii, mathe. Hiyo ndiyo list yenyewe, majina ya watakaopewa hati za mashamba. Watu mia moja na arobaini wako hapo."

"Kwangu hakuna hata mmoja."

Ilikuwa Ijumaa, saa tatu kasorobo, mwaka wa tisini na tisa, na mapingamizi ya mashamba yalikuwa yafungwe siku hiyo hiyo, saa sita mchana.

Kila Ijumaa Mapenzi Kalama alikuja hapa na kompyuta yake ya mkononi, akachomeka waya kwenye simu ya Cliff na kusomewa barua zake. Alikuwa haoni tangu utotoni. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye simu za hoteli moja ya Diani, namba zote za vyumba na za ofisi ziko kichwani, na mashine hiyo yenye sauti aliachiwa na mgeni wa Uswisi, naye asiyeona. Kisha wageni wakakatika, hoteli ikafungwa, Mapenzi akarudi kwenye shamba la marehemu mamake, upande wa Msambweni, penye mikorosho tisa na kisima. Mpima ardhi alipopita, aliandika namba kwa kijiti juu ya saruji mbichi ya jiwe la mpaka. Ilipokauka Mapenzi akaipapasa. Nane. Saba. Hapo ndipo alipojua shamba lake linaitwaje serikalini.

Zamani orodha kama hiyo ilibandikwa ubaoni, na karani akaisoma kwa sauti barazani kwa chifu. Lakini mbuzi walikula karatasi za ubaoni, na wafadhili wakaleta kompyuta, basi ofisi ikatangaza kwamba sasa mambo yote yako kwenye mtandao, kila mwananchi ajisomee mwenyewe. Karani akaacha kusoma. Siku thelathini zikaanza kuhesabiwa. Mapenzi alikuja Ijumaa ya kwanza, ukurasa haujawa tayari. Ya pili simu ilikuwa imekufa, ya tatu na ya nne vile vile. Hii ilikuwa ya tano.

"Nawe Bi Shutu," akageuka, "waona nini hapo?"

Bi Shutu, jirani wa shamba la themanini na nane, alikuwa amekaa kwenye benchi na kikapu cha mihogo miguuni. Alisogeza uso hadi karibu na kioo. "Mie macho ninayo mawili, mwanangu, mazima. Lakini naona siafu wamejipanga mstari, basi. Wewe herufi unazijua, macho huna. Mungu angetuunganisha tungekuwa karani mmoja mzuri sana."

"Mwenye mshahara wa nusu," alisema Mapenzi, na Bi Shutu akacheka mpaka akakohoa.

Cliff aliacha fagio. "Ngoja nikuambie ukweli, mathe. Mimi niliandika majina yote kwa herufi, mashine yako ingeyasoma bila noma. Yule mdosi, mkubwa wa ofisi ya makazi, Maxwell, akayakataa katakata. Ati tangazo bila muhuri ni karatasi ya kuokota. Nikamwambia muhuri hauwezi kuandikwa kwa herufi. Akaniambia, basi piga picha karatasi nzima, na muhuri wake uonekane. Nikapiga."

"Kwa hivyo muhuri ndio uliolifunga tangazo mdomo."

"Ndio hivyo."

Mapenzi hakupoteza muda kusikitika. Miaka kumi na tisa ya simu ilimfundisha kuwa laini ikikatika unatafuta nyingine. "Ukurasa umeshaingia wote? Basi kata simu, usiwalishe watu wa posta bure. Kaa hapa unisomee. Jina na namba, polepole, kama mtu anayepokea ujumbe wa chumbani."

Akatoa kibao chake cha breli, maandishi ya nukta ya wasioona, na sindano ya kutobolea, akabana karatasi ngumu. Cliff akasoma. Mapenzi akatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, tak, tak, tak. Wateja wawili waliingia, wakaambiwa wangoje, wakangoja.

"Themanini na sita, Hannah Karisa. Themanini na saba..." Cliff akasita. "Themanini na saba, Virginia Sanga."

Sindano ikasimama.

"Rudia."

"Virginia Sanga, mathe."

"Ndiye nani huyo?" Bi Shutu alidakia. "Miaka yote nakaa pale, sijamwona Virginia hata akipita njia! Mikorosho kapanda lini?"

"Endelea," alisema Mapenzi. Akalitoboa jina hilo herufi kwa herufi. "Themanini na nane."

"Shutu Tsuma."

"Angalau wewe upo, bibi yangu. Endelea, Cliff."

Walifika mwisho saa nne na nusu. Chini ya majina palikuwa na mistari miwili ya sheria, na Cliff akaisoma pia: pingamizi liwe kwa maandishi, nalo liandikwe kwa mkono wa mlalamikaji mwenyewe, si kwa mkono wa mtu mwingine.

"Hiyo ni ya kuzuia madalali," alieleza Cliff. "Lakini mimi nitakuchapia, nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na Bwana Maxwell akijua, atalitupa." Mapenzi alikuwa tayari amebana karatasi mbili pamoja, ili nukta zipenye zote, moja ya ofisi na moja yake. "Wametaka mkono wangu. Watapewa mkono wangu."

Ofisi ya makazi ilikuwa nyuma ya soko. Pingamizi lilipokwisha kutobolewa, Mapenzi na Bi Shutu walifika huko saa tano na robo, na barazani walikuta watu wapatao ishirini, wengi wao wazee, wanangoja. Bwana Maxwell yuko kwenye mkutano, waliambiwa. Ndani kulisikika redio na kijiko kikigonga kikombe.

Mapenzi akakaa, akaweka karatasi za orodha mapajani, akaanza kupitisha vidole.

"Unafanya nini, dada?" aliuliza mzee mmoja pembeni yake. Jina lake Kibwana.

"Nasoma orodha ya mashamba."

"Hiyo ya kwenye kompyuta? Unayo?" Sauti ikapanda. "Hebu nitazamie langu! Mia moja na mbili."

Vidole vikashuka. "Mia moja na mbili. Faith Karisa."

"Faith? Faith gani? Mimi Kibwana!" alipayuka mzee kwa kuchanganyikiwa, kisha akatulia. "Mia moja na mbili ni mimi. Jiwe liko nyuma ya choo changu."

Basi wote wakamzunguka. Mmoja anataja namba, Mapenzi anajibu, mwingine anashukuru Mungu, mwingine anaguna. Watu ishirini wenye macho walisomewa tangazo la serikali na asiyeona, na kelele hizo ndizo zilizomtoa Bwana Maxwell mkutanoni.

"Nani amekupa ruhusa ya kusoma tangazo hapa?"

"Shikamoo ya ofisi, Bwana Maxwell. Si mlisema kila mwananchi ajisomee popote alipo? Nami nipo hapa." Akainuka, akanyoosha karatasi mbili. "Nimeleta pingamizi. Namba themanini na saba."

Maxwell akazipokea. Akazigeuza mbele, akazigeuza nyuma. "Mama, hii ni nini? Karatasi imetafunwa na mende?"

"Ni maandishi ya mkono wangu mwenyewe, kama sheria yenu ilivyotaka."

"Siwezi kupokea kitu nisichoweza kukisoma."

"Mimi nilipokea tangazo nisiloweza kulisoma," alisema Mapenzi, "na siku zangu zilihesabiwa zote thelathini."

Ndani redio ilitangaza saa sita kasoro dakika kumi.

"Sheria imesema kwa maandishi," aliendelea, "haikusema maandishi gani. Kama hujui haya, si kosa lako, nami sitakucheka. Nirudishie moja nikusomee."

Akasoma kwa sauti ile ya simu, iliyokuwa ikiwaamsha wageni asubuhi. Kwamba shamba namba themanini na saba lilikuwa la mamake, na amelilima yeye, na jiwe analijua kwa kidole. Kwamba Virginia Sanga hamjui, wala majirani hawamjui. Kwamba tangazo lililowekwa kwa picha halikumfikia, basi liandikwe kwa herufi, na siku thelathini zianze upya tangu hapo, kwake na kwa kila asiyeweza kulisoma.

"Na sie tusiojua kuandika?" Bi Shutu alipaza sauti kutoka nyuma. "Mkono wetu mwenyewe utaandika nini, mihogo?"

"Hilo sikuliandika," alikiri Mapenzi. "Lakini umelisema mbele ya watu."

Maxwell alitazama saa yake, akawatazama watu ishirini waliomtazama. Akaichukua na ile nakala ya Mapenzi, akaingia ndani. Wakasikia droo ikivutwa. Muhuri ukaanguka mara mbili mezani, puu, puu, kama mtu apigaye misumari kwa hasira. Akatoka, akamrudishia nakala yake.

"Nimepokea. Kupokea si kukubali."

"Najua, bwana."

Bi Shutu akaichungulia. Kusoma hakujua, lakini ngao ya serikali aliijua, kwani aliiona kwenye sarafu kila siku ya soko. Akaanza kucheka kwa kwikwi.

"Mwanangu, ngao imesimama kichwa chini! Simba miguu juu!"

Maxwell akanyoosha mkono upesi. "Lete. Nitakupigia upya."

Mapenzi aliisogeza karatasi kifuani, bila kuikunja, maana nukta zikikunjwa hufa. "Hapana, Bwana Maxwell. Uache hivyo hivyo. Wakubwa wako wakikuuliza, waambie hukujua juu ni wapi na chini ni wapi. Watakuelewa. Hata sisi ndivyo tulivyolipokea tangazo lako."

Kisha akakaa tena kwenye benchi. Zilibaki dakika sita.

"Mzee Kibwana," alisema, "jina lako unajua kuliandika? Basi shika kalamu, nami nitakutajia maneno ya pingamizi lako, herufi moja moja."