Dua ya Mpita Njia

Naanza na kosa langu, maana wapo wanaopenda kulisikia kwanza: jina langu nililitoa mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono.

Mwaka 2006 nilikuwa napiga chapa kwenye duka moja la fotokopi karibu na Darajani. Barua za kuomba kazi, hati za nyumba, na mara nyingi madai ya wanawake wanaokwenda kwa kadhi. Tajiri wangu aliingiza intaneti mwaka ule, na kazi ikipungua nilikuwa nafungua tovuti moja iliyoitwa Ukumbi wa Kina Mama. Ilikuwa tovuti ya watu wote: unasoma, na ukiona pamekosewa unaingia unasahihisha. Eda, mirathi, ulezi wa watoto, kila jambo lilikuwa na ukurasa wake, na hakuna aliyeandika kwa jina lake. Palikuwa na Kungumanga, palikuwa na Mama Pacha, palikuwa na mmoja akijiita Sina Haraka ambaye kila siku ndiye wa kwanza kujibu. Mimi nilikuwa Mpita Njia.

Ukurasa wa khului, yaani mke kujivua katika ndoa, niliukuta una mistari minne mikavu. Nikauandika upya. Nilieleza uchukue karatasi gani, uende saa ngapi, na useme nini karani akijifanya hakusikii. Niliyajua hayo kwa kuwa nilishawapigia chapa wanawake wengi, na kwa kuwa dai langu mwenyewe nilikuwa nimeshalipiga chapa na kulificha chini ya marundo ya karatasi pale dukani.

Mume wangu Nasser hakuwa mpigaji. Watu wakitaka kunihukumu huniuliza hilo mwanzo. Alikuwa mkatazaji. Kazini niende, kwa mama yangu Jambiani nisiende, maana ukoo wao ni watu wa Mji Mkongwe wenye asili ya Arabuni, na mama yangu mlima mwani ni mtu wa kufichwa wageni wakija. Mama aliugua homa mwezi mzima, nikapata habari ameshapona. Binti yetu Abeer alikuwa na miaka sita na bibi yake alikuwa amemuona mara mbili. Siku moja, akivua viatu, Nasser aliniambia nikimpeleka kwa kadhi Abeer atakwenda kulelewa Muskat kwa ndugu zake. Hakuwa akitania. Pasi ya mtoto ilikuwa tayari kabatini.

Kwa hiyo dai langu lilikuwa na maombi mawili. La kwanza, nivuliwe ndoa. La pili, kadhi akataze mtoto kutolewa nje ya nchi mpaka hukumu. Ili la pili lifae kitu, lazima kadhi alione kabla Nasser hajasikia. Nilichagua Jumatatu.

Haya yote niliyaandika kule Ukumbini, kwenye sehemu ya nyuma ya ukurasa ambako waandishi huzungumza wao kwa wao. Mwenye tovuti alikuwa mwalimu mstaafu, Bi Khawla, na yeye peke yake ndiye aliyetumia jina lake. Nilikuwa sijawahi kumuona kwa macho, lakini nilimuamini kuliko mawifi zangu wote wanne. Jumatano akaniandikia mimi peke yangu: "Mwanangu Mpita Njia, Ijumaa nnawafanyia dua wenye shida wote wa Ukumbi. Nipe jina lako, la mama yako, na kwenu. Litabaki kwangu."

Aliyelelewa kwetu anajua dua husomwa kwa jina la mtu na la mama yake. Nikamuona Bi Khawla yuko juu ya msala na tasbihi yake, hapana mwengine ila yeye na Mola wake. Nikaandika: Saadiya binti Mwanaasha, wa Jambiani. Machozi yalinitoka kwa furaha, mjinga mimi.

Ijumaa mchana nilikuwa jikoni nakuna nazi. Msikiti uko nyuma ya nyumba yetu, na kipaza sauti chake kinaingia dirishani mwetu bila ya kubisha hodi. Baada ya sala khatibu akasema ana majina aliyopewa na dada yake, anaomba waumini waitikie. Akaanza. Sichana binti Mwanakheri, anaumwa mgongo, Mwenyezi Mungu ampe shifaa. Amin. Hija binti Bahiya, anatafuta mtoto. Amin. Na mimi nikaitikia, huku nakuna.

"Saadiya binti Mwanaasha, wa Jambiani. Anataka kujivua katika ndoa yenye dhiki. Mwenyezi Mungu amfanyie wepesi siku ya Jumatatu."

Amin, msikiti mzima.

Nilikuna mpaka nikafika kwenye vidole. Nilijua dada ni nani kabla sijaona damu.

Nasser aliingia, akakaa kwenye kiti chake, akavua kofia.

"Nimeitikia amin," akasema. "Mie nimeitikia, na Machano muuza vitambaa kaitikia ubavuni mwangu, kisha akanigeukia. Msikiti mzima umekuombea uniache, Saadiya."

"Nasser, nisikilize."

"Nshasikiliza. Wa Jambiani, wakasema. Asije akadhaniwa mwengine."

Hakupaza sauti hata mara moja. Alifungua kabati, akatia pasi mfukoni, akamwita mtoto.

"Abeer!"

"Naam, baba."

"Vaa viatu, twende kwa shangazi."

Nikasimama mlangoni. Alinisogeza kama mtu anavyosogeza pazia, wakateremka ngazi. Abeer alikuwa anauliza kama atarudi kula.

Jumamosi asubuhi nilikwenda dukani kufuta. Nilifuta kila neno la Mpita Njia. Halafu nikagundua kwamba tovuti ile haifuti kitu: ukurasa wa jana umewekwa, wa juzi umewekwa, tarehe na saa, na yeyote anaweza kubonyeza akasoma. Chini kabisa, Ijumaa alasiri, palikuwa na maneno mapya ya Bi Khawla: "Alhamdulillahi, dua ya mwenzetu Mpita Njia, Bi Saadiya wa Jambiani, imesomwa. Tuzidi kumuombea." Kungumanga ameitikia amin. Mama Pacha ameitikia. Sina Haraka, wa kwanza wao wote.

Nyumba ya Bi Khawla nilioneshwa na muadhini. Nilipanda ngazi na matusi mdomoni, na mlango ulipofunguliwa, kikongwe mwenye miwani mikubwa akanitazama, kilichonitoka ni shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Saadiya binti Mwanaasha."

Akanikumbatia! Naapa alinikumbatia. Alinukia udi, na mimi nikabaki mikono chini.

"Ulisema litabaki kwako, Bi Khawla."

"Na limebaki kwangu. Nlimpa kaka yangu tu, aliombee."

"Kaka yako alikuwa ameshika kipaza sauti."

"Dua ya wengi hupokelewa haraka. Mie nlikutakia la kheri, mwanangu."

"Si ungesema Mpita Njia?"

Akashangaa, kwa dhati kabisa. "Nimpelekee Mwenyezi Mungu jina la uongo?"

"Mwenyezi Mungu ananijua. Nasser ndiye alikuwa hajui. Keshamchukua mtoto."

Hapo ndipo alipokaa chini. Akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa kanga, akaivaa tena. Akasema atayaondoa yote kwenye tovuti, yeye mwenye tovuti anaweza. Nikamuuliza na msikitini atayaondoaje. Akaanza kulia, na mimi, badala ya kulia naye, nilitamani kumpiga. Nilisubiri aseme amekosa. Alisema, "Tumuombe Mungu." Niliondoka.

Jumapili, siku ya ndege ya Muskat, nilikwenda uwanja wa ndege. Niliwaona kwa mbali, wifi yangu kamshika Abeer mkono, kavishwa nguo ya Idi. Askari wa mlangoni aliniuliza kama nina karatasi ya kadhi inayozuia mtoto asisafiri. Nikamwambia itatoka kesho. Alisikitika, nilimuona anasikitika, lakini hakunipisha.

Jumatatu nilikwenda kwa kadhi saa ile ile niliyowaandikia wenzangu, na karatasi zile zile. Benchi limejaa wanawake. Karani alisoma dai langu kwa sauti, hakujifanya hasikii. Alipofika ombi la pili, la mtoto kutotolewa nje ya nchi, akaniuliza mtoto yuko wapi sasa.

"Muskat," nikasema.

"Basi hili tulifanyeje?"

Nikamwambia alikate. Akachukua rula, akapiga mstari ulionyooka.

Mwanamke wa mwanzo kwenye benchi akanivuta baibui. "Weye ndiye Saadiya wa Mwanaasha? Sie sote huku tumekuombea, mwanangu, tangu Ijumaa."

Wengine wakaitikia kwa vichwa, wananitazama kwa huruma. Nikawaambia ahsanteni, kwa kuwa ndivyo mama alivyonilea, na nikawachukia mmoja mmoja mpaka mwisho wa benchi.