Hesabu Zilizovishwa Shati

Daktari alilibonyeza tumbo la Kidoti upande wa kushoto, akalibonyeza upande wa kulia, akagongagonga chini ya mbavu kama mtu anayechagua tikiti sokoni, kisha akavua glavu na kuzitupa kwenye ndoo.

"Tumbo hili ni zima kuliko langu," alisema. "Mama, huwa linamuuma saa ngapi?"

"Asubuhi, kabla ya shule."

"Kila siku?"

Mama hakuwahi kujiuliza swali hilo. "Jumanne," alisema polepole. "Na Ijumaa."

"Jumanne na Ijumaa kuna nini?"

Kidoti, aliyepata jina hilo kwa sababu ya kidoti cheusi kilichokaa juu ya mdomo wake, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akichezesha miguu. Miguu ikaacha kucheza. Mama yake alihisi joto likimpanda shingoni. Jumanne na Ijumaa zilikuwa siku za mazoezi ya hesabu katika darasa la sita, na mwalimu wa hesabu wa darasa la sita alikuwa yeye mwenyewe.

Walirudi nyumbani kwa miguu, wameshikana mikono. Kwa majuma kadhaa mama alikuwa akilala na picha za vidonda, za upasuaji, za mashine za hospitali. Sasa mzigo huo umetuliwa, angeweza hata kuruka kamba barabarani. Lakini furaha hiyo ilifika getini tu. Nyuma ya nyumba mume wake, fundi seremala, alikuwa anapiga randa mlango wa kabati. Alipowaona aliacha kazi.

"Amesemaje?"

"Hana ugonjwa wowote."

"Tushukuru Mungu! Sasa mbona umenuna, mama Kidoti?"

Alingoja mtoto aingie ndani. "Kinachomuumiza ni hesabu. Kinachomuumiza ni mimi."

Mazoezi yake yalikuwa ya kawaida, yaleyale aliyofundishiwa yeye na waliomfundisha. Darasa zima linasimama. Mwalimu anauliza: saba mara nane? Anayejibu haraka anakaa. Asiyejibu anaendelea kusimama hadi apate. Karibu kila mara aliyebaki wima mwishoni alikuwa Kidoti, anatazama ukutani, na nyuma yake minong'ono: "Si mtoto wa mwalimu huyo? Hata yeye hajui!" Darasani hakuruhusiwa kusema "mama". Aliamkia "shikamoo mwalimu" kama wenzake, na kama wenzake aliogopa. Lakini wenzake, kipindi kikiisha, walimwacha mwalimu shuleni. Yeye alikuwa anakwenda naye nyumbani.

Mama alifuta mchezo wa kusimama siku iliyofuata. Badala yake akaandika maswali ubaoni, kila mtu ayafanye kwenye daftari lake. Tumbo lilipoa kidogo, ila sasa darasa lilikuwa linasinzia. Walinakiliana, walipiga miayo, walichora magari pembeni mwa ukurasa. Mvulana mmoja mnene aliyependa kuongea kama mtu mzima, ambaye wenzake walimwita Mjomba, alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, samahani, haya maswali yana ladha ya karatasi." Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka, maana aliona mtoto amesema kweli.

Kilichomwokoa ni mvua. Ilianza katikati ya kipindi cha mchana, ikapiga bati la paa kwa nguvu kiasi kwamba alifungua mdomo na hata yeye mwenyewe hakujisikia. Watoto wakaanza kusukumana. Kwa kukosa la kufanya akachukua chaki, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa:

*Mimi ni namba. Nigawe kwa mbili, inabaki moja. Nigawe kwa tatu, inabaki moja. Nigawe kwa nne, bado inabaki moja. Nigawe kwa tano, hakibaki kitu. Mimi ni nani?*

Akaiweka chaki juu ya meza, akarudi nyuma, akakunja mikono.

Mjomba akainuka, akaandika 13, akajipigapiga kifua. Msichana wa dawati la mbele akaenda akagawa 13 kwa tano, akaonyesha masalio kwa kidole, akaifuta. Mwingine akaleta 35. Ikafutwa pale ilipogawanywa kwa tatu. Mvua ilikuwa imewafunga wote midomo, kwa hiyo waligombana kwa chaki na kwa mikono. Walipigana vikumbo, lakini kila mmoja macho ubaoni. Na mama akaona kitu ambacho hakutegemea: Kidoti ametoka kwenye dawati lake. Alitembea taratibu, akasimama mbele ya ubao akiwa amewapa wote mgongo, akagawa upande, akafuta kwa kiganja, akagawa tena. Kisha akaandika 25, na chini yake mistari minne ya kuthibitisha, safi kabisa. Akairudisha chaki mahali pake na kwenda kukaa.

Mjomba alikagua mstari kwa mstari kama mkaguzi wa shule. Halafu akageuka, akainua mikono yote miwili juu kama refa aliyeona goli.

Mwalimu alijifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba.

Jioni, wakimenya viazi jikoni, Kidoti alisema bila kuulizwa, "Mvua ya leo ilikuwa nzuri, mama."

"Nzuri vipi?"

"Hakuna aliyekuwa ananisubiri."

Mama aliendelea kumenya. Kumbe miaka yote alidhani mtoto haziwezi namba. Namba hazikuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuwa macho, na haraka.

Toka siku ile mazoezi yakabadilika sura. Mwalimu alikuwa akiingia darasani anasema, "Kitendawili!" na darasa zima linajibu, "Tega!" kwa sauti ya kutikisa madirisha. Sheria ilikuwa moja tu: hakuna kupayuka jibu. Unakwenda kuliandika ubaoni, na lazima uonyeshe njia. Ukikosea hakuna anayekuzomea, maana hata kosa lako linawasaidia wengine kujua jibu si lipi. Alitega vya umri wa baba na mwana, vya matangi yanayojaa na kuvuja, vya maembe yanayogawanywa kwa watoto wagomvi. Vilipomwishia, akawageuzia kibao. "Sasa tegeni nyinyi. Mkinishinda, natoa mji."

Vingi alivijibu papo hapo, wakaguna. Kisha Kidoti akanyoosha mkono. Haikuwahi kutokea.

"Kitendawili," alisema, sauti ndogo.

"Tega," mama alijibu, akiomba moyoni kisije kikawa kigumu mno kwa mtoto mwenyewe.

"Baba yangu ana ubao mrefu. Ameukata vipande vinne. Kila mara akikata anatumia dakika tano. Ametumia dakika ngapi?"

"Ishirini," mwalimu alisema, tayari anamtafuta mtegaji mwingine.

"Hapana."

"Hapana vipi? Nne mara tano si ishirini?"

"Ni ishirini," Kidoti alisema, na mashavu yakaanza kumtetemeka kwa kicheko. "Lakini umekosa."

Mwalimu akarudia kichwani. Vipande vinne. Dakika tano. Darasa lilikuwa likimtazama, na yeye akahisi, pale mbele ya ubao wake mwenyewe, jinsi macho yote yale yanavyoweza kuziba masikio ya mtu. Namba zikamkimbia. Kwa sekunde kadhaa hakujua hata nne mara tano.

"Nimeshindwa," alikiri.

Darasa lililipuka. "Atoe mji! Atoe mji!"

"Nakupa jiji kubwa lenye maghorofa."

"Silitaki, lina foleni," Kidoti alisema.

"Nakupa mji wenye viwanda vya biskuti."

Hapo Mjomba akapiga kelele, "Chukua, chukua!" lakini Kidoti akatikisa kichwa. "Nitaumwa meno."

"Haya, nakupa mji ambao Ijumaa hakuna kazi ya nyumbani ya hesabu."

"Huo nimeuchukua! Nikaenda mjini kwangu, nikala, nikanywa, wakaniuliza, huyo mwalimu wako kakosea wapi? Nikawaambia, alikuwa na haraka. Kupata vipande vinne unakata mara tatu tu. Kipande cha mwisho kinabaki chenyewe. Dakika kumi na tano!"

Mwalimu alicheka hadi akashika meza. Watoto walikuwa wanagonga madawati. Na katikati ya vurugu hiyo mlango ukafunguliwa.

Alikuwa mwalimu mkuu. Wanafunzi walimwita Kengele, kwa siri, kwa kuwa sauti yake ilifika kila kona ya shule. Safari hii hakuipandisha.

"Mwalimu," alisema, "hili ni darasa au harusi?"

Ofisini kwake alimkaribisha kiti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye shule yenye watoto wengi na madawati machache.

"Nimesikiliza dirishani mara kadhaa," alisema. "Vitendawili. Miji. Biskuti. Mtihani wa pamoja na shule jirani hauna miji, mwalimu. Una maswali makavu. Mwaka jana tulishika mkia."

"Wanafanya mazoezi mengi kuliko zamani, mkuu. Hawajui tu kwamba wanafanya."

"Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Wasipojua, watayatambuaje kwenye karatasi? Nakuachia hadi mtihani. Wakifanya vibaya tena, darasa hilo nampa mwingine."

Alitoka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mzee alikuwa na hoja. Mume wake alimsikiliza jioni ile huku akisugua kwa msasa mguu wa kiti.

"Si uwaonyeshe kwamba ni kitu kilekile?" alisema. "Mbao ni mbao, uipake rangi usiipake."

Basi akaanzisha kazi mpya. Kila mtoto alichukua swali moja kavu kutoka kitabuni na kulivisha shati, yaani kulifanya kitendawili. Mwenzake alipokea kitendawili hicho na kukivua shati, abaki na hesabu tupu. Vaa, vua, vaa, vua, hadi walipozoea kuona mwili chini ya nguo. Mjomba alilivisha swali la sehemu koti, tai na kofia, likawa hadithi ya ndugu watatu wanaogombea godoro, na ilichukua kipindi kizima kulivua. Kidoti yeye alipenda mashati mafupi. Mara nyingi aliuliza kwa sentensi mbili tu, kisha anakaa kimya akitabasamu.

Asubuhi ya mtihani mama alimtazama mtoto kwa jicho la pembeni. "Tumbo?"

"Liko salama." Kidoti alimaliza mkate, akaomba chai, akaomba tena, na tena.

Walimu hawakuruhusiwa kusimamia madarasa yao. Yeye alipangiwa darasa la nne, ng'ambo ya uwanja. Alitembea kati ya madawati, lakini macho yalikuwa yakivuka dirisha. Mtihani ulipofika katikati, mlango wa darasa la sita ukafunguliwa, akatoka mtoto mmoja. Alimjua kwa mwendo. Kidoti alikuwa anakwenda upande wa vyoo, ameshika tumbo.

Mwaka jana alitoka hivyohivyo, akakutwa ameketi nyuma ya matangi ya maji hadi kengele ya mwisho. Mama alitaka kukimbia. Mtoto mmoja wa darasa la nne aliomba karatasi ya ziada na yeye akampa chaki. *Rudi, mwanangu,* alisema moyoni. *Ukose yote, lakini rudi.*

Na mtoto akarudi. Alirudi mbio, akijipangusa mikono kwenye sketi, akaingia ndani bila kutazama pembeni.

Walipokutana getini mchana, mama hakuweza kungoja. "Nilikuona umetoka. Ulikuwa unaumwa?"

Kidoti alimshangaa. "Mama, nilikunywa vikombe vitatu vya chai!"

Mama alicheka, akajikuta analia, akacheka tena, palepale getini, wapita njia wakiwatazama.

"Mtihani ulikuwaje?"

"Maswali mengine yalikuwa tupu kabisa, yanatia huruma. Nikayavisha."

Matokeo yalikuja baada ya likizo fupi. Hawakuwa wa kwanza. Walikuwa katikati, na kutoka mkiani hadi katikati ni safari. Wawili walifeli, na mwalimu aliyaandika palepale majina yao kichwani kwa ajili ya kuwasaidia. Mjomba alifaulu, akawa anapokea mikono ya pongezi kama bwana harusi. Kidoti alipata alama sitini na tatu. Mama aliitazama namba hiyo kwa muda mrefu. Haikuwa alama ya kutangaza kwa majirani. Ilikuwa alama ya mtoto aliyekaa kwenye kiti chake hadi mwisho, akafikiri.

Mwalimu mkuu alisimama mlangoni mwa darasa la sita kipindi cha mchana.

"Mwalimu," alisema, "endeleeni." Akapiga hatua, akarudi. "Kelele zenu zinaingia ofisini."

"Tutapunguza, mkuu."

"Hapana, hapana. Dirisha la kwangu lina bawaba. Nitalifunga mimi."

Jumamosi ile mama alifua nguo za wiki nzima, akazianika, akaketi kwenye kochi avue viatu tu. Kiatu kimoja kilikuwa bado mguuni usingizi ulipomchukua. Seremala aliingia kuulizia chakula, akaona, akarudi nyuma kwa ncha za vidole na kumzuia Kidoti mlangoni.

"Mama kalala?" mtoto alinong'ona.

"Wiki nzima usiku kucha alikuwa anageukageuka akingoja matokeo yenu. Mwache. Njoo tukapike sisi."

Wakaenda jikoni, wakafunga mlango, na nyumba ikatulia mchana kutwa.