Ncha ya Uzi

"Shika, Dada," alisema, akiunyoosha uzi.

Dada hakushika. Aliutazama ule uzi mwekundu uliokuwa ukimdondoshea maji gotini, kisha akamtazama aliyeushika, kisha akageuzia uso ukutani kama mtu aliyeletewa chai ya mwenzake.

"Ni uzi uleule, Dada. Nimeulowesha kwenye bakuli tu. Shika basi, jua lingali dirishani."

"Mimi sina kazi na watu wa bakuli," alisema Dada.

Mwenye uzi aliitwa Kitinda, jina la mtoto wa mwisho, ingawa alikuwa na miaka sitini na minne na magoti yaliyoamka yakilalamika kabla yake. Waliokuwa wakimwita hivyo walikuwa wamekwisha kwenda zao mmoja mmoja, wa karibuni akiwa mumewe. Aliyebaki ni Dada, na Dada naye hakuwa amelitamka jina hilo tangu mwaka jana. Siku hizi alimwita "we mtoto", au "mama", na siku za utulivu hakumwita chochote.

Kazi yao ilikuwa ya kumalizia. Fundi wa barabara ya chini alikata na kupiga cherehani, kisha nguo zikaletwa kwao kwenye chumba chenye dirisha moja zuri, wazipige bandi, washone pindo kwa mkono, watie vifungo. Bandi hushonwa kwa uzi wa rangi tofauti na kitambaa, ili uonekane, maana shughuli yake ni kushikilia kwa muda tu. Pindo likishasimama, bandi inafumuliwa na hakuna anayeikumbuka.

Dada ndiye aliyemfundisha. Lakini macho ya Kitinda yalikuwa yamechoka kwa vitu vya karibu, na tundu la sindano kwake lilikuwa habari ya kusikia. Macho ya Dada, aliyemzidi miaka kumi, yalikuwa mazima kabisa, ila kinywa chake kilikauka kwa dawa za presha. Basi wakagawana alichowaachia Mungu. Kitinda aliilowesha ncha ya uzi kwa midomo, akaibana kwa meno ya mbele mpaka ikawa bapa, akampa Dada. Dada akatunga. Dada aliyesahau kama amekula, aliyesahau kwamba mume wake alishazikwa na kila wiki akauliza mbona amechelewa, hakuwahi kulikosa tundu. Akishatunga, mkono ulikwenda wenyewe: shimo, shimo, vuta. Mtu angepita mlangoni angeona wanawake wawili wazima wakishona.

Hayo yote yalikuwa mpaka Jumatatu.

Jumatatu Kitinda aliamka na malengelenge pembeni mwa mdomo. Hayakumshangaza. Yalimzoea tangu utotoni. Kila akichoka au akipitiwa na homa yalirudi palepale, kama mgeni anayejua kiti chake. Alikuwa akijipaka mafuta huku redio ikisema, na redioni alikuwepo daktari. Daktari alieleza kwamba wataalamu wanachunguza virusi vya kawaida, hivi ambavyo watu wengi wanaishi navyo: vile vinavyoleta malengelenge mdomoni, na vile vya tetekuwanga ambavyo uzeeni huweza kurudi kwa jina la mkanda wa jeshi. Alisema huenda virusi hivyo, vikikaa mwilini miaka mingi, vina mkono katika ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Daktari alisema "huenda" mara tatu. Kitinda hakulisikia hata mara moja.

Alibaki na kidole cha mafuta hewani. Mbele yake Dada alikuwa ameinua sindano kwenye mwanga, anasubiri uzi kutoka kinywani mwake.

*

Jumanne akaleta bakuli la maji, na Dada akalikataa. Kutwa nzima Dada hakushona. Mikono iliyokosa kazi ikajitafutia: alimwaga kopo la vifungo mapajani, akavirudisha kimoja kimoja, akavimwaga tena. Kisha akaanza kulifumua pindo la gauni lake mwenyewe, taratibu, kwa ustadi, bila kuharibu kitambaa. Kufikia jioni pindo lote lilikuwa limeshuka na yeye amesimama mlangoni, anataka kwenda kwao.

"Kwenu ni hapa, Dada."

"Hapa ni kwa watu. Wananipa maji kwenye bakuli kama kuku."

Kitinda akamrudisha kwa mkono. Usiku aliomba kama kawaida yake, ila maneno yalikwama. Alizoea kumwambia Mungu, "Mtazame Dada." Sasa ilimjia kwamba Mungu angeweza kumjibu, "Mtazame wewe."

Jumatano akapata wazo. Kama ubaya umo kwenye mate, na mate yake ya miaka mingi yamekauka kwenye nyuzi zote za nyumbani, basi na zichemshwe. Akazikusanya nyuzi zote zikiwa kwenye magurudumu yake, nyekundu, bluu na nyeusi, akazitia kwenye sufuria, akazipika robo saa kama anapika viazi. Akazianika dirishani. Hazijakauka vizuri, akambembeleza binti wa jirani amtungie sindano moja, akaanza kulipiga bandi gauni jeupe la muuguzi wa zahanati, kwa ule uzi mwekundu, peke yake, akipapasa njia kwa kidole.

Mtu aliyeshona miaka hamsini anajua kwamba uzi wa bandi ni uzi wa bei nafuu na rangi yake haijashika. Kitinda alilijua hilo kabla hajaota meno ya ukubwani. Lakini siku hiyo alikuwa anawaza mambo mengine.

Alhamisi muuguzi akaja kupima gauni lake. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, anayeanza kucheka akiwa bado nje ya mlango. Alilikunjua gauni mbele ya dirisha, akalisogeza karibu na macho. Pindo lote, mzunguko mzima, lilikuwa na vidoti vya rangi ya waridi, kimoja kwa kila shimo la sindano, na kila kidoti kimetanuka.

"Jamani," alisema. "Gauni langu limepata surua?"

Dada alicheka. Alikuwa hajacheka tangu Jumatatu.

"Nitalifua, mwanangu," alisema Kitinda. "Nitalitia limau. Uzi umechuja. Niliuchemsha."

"Umechemsha uzi! Ukautia na chumvi?"

"Usinitanie."

Muuguzi akamtazama vizuri, akaona macho yalivyovimba kwa kukosa usingizi na lile donda mdomoni lililopakwa mafuta mpaka linang'aa. Akaliweka gauni pembeni, akavuta kigoda.

"Nani anachemsha uzi, mama? Niambie."

Ndipo Kitinda akamwambia. Alisema kwa sauti ya chini ili Dada asisikie, ingawa Dada alikuwa mle mle chumbani akihesabu vifungo. Alieleza ya redio, ya daktari, ya uzi unaotoka kinywani mwake kwenda mkononi mwa Dada.

"Na zamani, macho yangu yalipokuwa mazima, alikuwa anaupokea kwa mdomo. Mikono yake imejaa pini, namshikia uzi, anaudaka kwa midomo yake. Mimi nina malengelenge tangu mtoto, yeye hana hata alama. Sasa nimejua. Ni mimi niliyemtia. Nimemla Dada yangu kidogo kidogo, nikidhani namsaidia."

Muuguzi hakucheka, na hakukimbilia kusema "la hasha". Kitinda alimshukuru moyoni kwa hilo.

"Huyo daktari alisema wamethibitisha?"

"Alisema..." Kitinda akatafuta. Akairudia ile sauti ya redio kichwani, neno kwa neno. "Alisema huenda."

"Basi na mimi nakwambia huenda, siongezi wala sipunguzi. Wanachunguza. Wengine wanaona dalili, wengine hawaoni. Hata chanjo ya huo mkanda wa jeshi wanaiangalia, kama inasaidia upande huo. Lakini sikiliza. Hivyo virusi wanavyo watu wengi kuliko wasio navyo. Ninavyo mimi. Bila shaka anavyo na fundi anayekukatia nguo. Wengi wetu tutavibeba mpaka kaburini na akili zetu timamu. Na presha ya huyu Mama Mkubwa je? Na umri? Mama yenu mzazi alizeeka vipi?"

"Hakuzeeka. Alikufa mapema."

"Naye hakuwa na malengelenge?"

Kitinda aliirudisha akili utotoni. Alimwona mama yao akiingia jioni, kitambaa cha kichwa kimelegea, mdomo umepasuka pembeni, palepale, upande uleule. Alimwona akionja uji kwa kijiko ili usiwaunguze, kisha kijiko hichohicho kwa Dada, kisha kwake. Halafu mabusu, ya Dada kwanza maana ndiye mkubwa.

"Alikuwa nayo," alisema.

"Umeona. Na yeye alipewa na nani? Ukianza kumtafuta wa kumshtaki utafika makaburini, ukagonge kila mlango, na kila utakayemkuta atakwambia alikuwa anambusu mtoto wake." Muuguzi akamshika goti. "Hilo donda likiwa bichi, ndiyo, usimpe mtu mate yako, kikombe chako weka mbali. Likikauka na ngozi ikirudi, endeleeni na kazi yenu. Nikwambie ninachokiona mimi? Mikono yake ikikaa bure, ndipo ninapoingiwa na hofu."

Kisha akaomba sindano zote za nyumba ile. Akakaa dirishani, mnene vile, ulimi nje kama mwanafunzi, akatunga sindano kumi na sita na kuzichomeka kwenye kijimto. Gauni lake akasema lisitiwe limau. Pindo lipandishwe vidole viwili, vidoti viingie ndani.

"Nitakuwa nesi mwenye surua ya siri," alisema, na kicheko chake kikasikika mpaka barabarani.

*

Dada hakuzitaka sindano za muuguzi. Alichukua moja, akaukagua uzi wake, akauchomoa. Kisha akaiinua sindano tupu kwenye mwanga, akasubiri.

Alisubiri hivyo Ijumaa, na Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada. Kila asubuhi alikaa kwenye kiti chake cha dirishani, akainua sindano tupu, mkono umetulia kama umechongwa, na baada ya muda mrefu akaushusha na kuanza kulifumua pindo lake. Kila jioni Kitinda alilishona upya akiwa amepiga magoti miguuni pake. Zile sindano kumi na tano alizitumia yeye kwa kazi ya fundi, polepole, akiona haya kwa mishono yake.

Na donda nalo halikuwa na haraka. Likatoa maji, likafanya gamba, gamba likapasuka alipopiga mwayo, likaanza tena. Kitinda hakuwahi kulichunga donda kama alivyolichunga hilo. Alikula upande mmoja wa mdomo. Alitabasamu nusu.

Katika maombi yake alijaribu kwanza kumwomba Mungu aliondoe neno "huenda", liwe ndiyo au liwe siyo, ajue moja. Usiku baada ya usiku neno likabaki. Mwishowe akaomba tofauti: kama ni la kubeba, basi apewe bega. Akalala vizuri kidogo.

Siku ya kumi na moja alipapasa pembeni mwa mdomo akakuta ngozi, laini, changa. Kwenye kijimto ilibaki sindano moja yenye uzi. Akaenda kwa jirani, akamwita binti yake aje mlangoni kwenye jua.

"Niangalie hapa. Unaona kidonda?"

"Sioni kitu, bibi."

"Angalia vizuri, usinipendelee."

"Bibi, hamna kitu. Umependeza."

Akarudi. Kazi ya siku hiyo ilikuwa mashati sita ya shule. Dada alikuwa kwenye kiti chake, pindo la gauni limeshuka upande mmoja, sindano tupu mkononi.

Kitinda akakaa mkabala naye. Akavuta uzi mwekundu kwenye gurudumu jipya, ambalo halijawahi kuonja sufuria. Akauleta hadi karibu na midomo, mkono ukasita. Alimtazama Dada: zile nywele nyeupe alizomsuka jana, yale macho mazima yasiyojua yanamtazama nani. Nje mtu alikuwa akifagia, ufagio ukienda na kurudi. Kitinda akasema jina la Mungu kimoyomoyo, akaipitisha ncha kati ya midomo, akaibana kwa meno ya mbele mpaka ikawa bapa.

"Shika, Dada."

Dada aliutazama uzi. Haukudondosha maji. Akaufuata kwa macho, kutoka kwenye ncha hadi kwenye vidole, kutoka vidoleni hadi kwenye gurudumu lililokuwa limelala kwenye paja la mwenzake, akakunja uso.

"Mrefu mno huu," alisema. "Utafunga ng'ombe? Kata."

Kitinda akatafuta mkasi, akakata palepale alipofundishwa kukata alipokuwa na miaka saba, urefu wa kidole hadi kiwiko.

Dada aliipokea ncha. Akaileta kwenye sindano bila kuihangaikia, ikapita mara moja, akaivuta upande wa pili. Mwisho wa uzi ulikuwa bado umeshikwa na Kitinda, naye hakuuachia, wala Dada hakumwambia auachie. Ukakaa hivyo kati yao, mwekundu, umelegea kidogo katika mwanga wa dirisha, ukisubiri kupigwa fundo.