Jina la Verna Mabry kwenye Santuri

Mwaka 1939 nilikuwa napuliza tromboni kwenye bendi ya Verna Mabry, wanawake kumi na wawili wa Kansas City. Verna mwenyewe alipuliza klarineti, na akiipandisha juu, wacheza dansi walisahau kama viatu vinawabana.

Kampuni moja ya Chicago ikatuita kurekodi. Siku hizo sauti ilichongwa moja kwa moja kwenye sahani nene ya nta. Ukikosea, unaanza upya. Sisi hatukukosea. Nyimbo mbili zikaisha kabla ya saa sita mchana.

Ndipo akaingia msimamizi, Bwana Lindquist, akitabasamu.

"Hongereni, mabinti. Ila kwenye santuri tutaandika Roy Dalton na Bendi Yake."

"Roy Dalton ndiye nani?" Verna akauliza.

"Hayupo. Jina tu. Klarineti ya mwanamke nani atanunua? Watadhani mzaha."

"Basi mwite Roy aje apulize."

Tukaangua kicheko. Lindquist hakucheka. "Bibie, umechelewa. Kazi iko kwenye nta tayari."

Verna akafungua mkoba wake, akatoa kisu kidogo cha kukwangulia matete, vile vijiti vyembamba vya mdomoni mwa klarineti. Akaingia chumba cha mitambo, akampita fundi aliyebaki mdomo wazi, akazikwaruza sahani zote mbili kutoka ukingoni hadi katikati.

"Roy kaharibu," akasema. "Mwambie arudie."

Tulitolewa nje na ala zetu. Eula, mpiga ngoma, alikuwa analia kwa hasira. "Verna, ile ilikuwa bahati yetu!"

"Ilikuwa ya Roy. Anayemtaka, mlango ule pale."

Eula akafuta machozi, akabeba ngoma yake. Hakurudi mtu.

Mwaka uliofuata, ndugu wawili wenye ghala la samani waliturekodi kati ya makabati na vitanda. Sauti ilikwaruza kidogo, lakini jina kwenye santuri lilikuwa la Verna, kwa herufi kubwa. Redio ya mjini ikakataa kuipiga.

Verna akabeba gramafoni, akaiweka mbele ya mlango wa redio, akaipiga santuri ile siku tatu mfululizo. Siku ya tatu watu walijaa mpaka tramu zikasimama. Polisi akaja mbio.

"Mama, zima hicho kitu!"

"Sawa, afande," Verna akasema, akainua sindano. Kisha akachukua klarineti yake, akaupuliza wimbo uleule kuanzia mwanzo, na Eula, aliyekuwa kando yake, akaanza kumpigia mdundo kwa viganja kwenye dirisha la redio.